Kufinyanga chungu cha nyoka cha Mithras: mwongozo kamili, toka udongo mbichi hadi jokoni

Mwaka 1976, kwenye eneo la Ballplatz mjini Mainz, Ujerumani, yalipatikana mabaki ya hekalu la Mithras, mungu aliyeabudiwa kwa siri katika dola ya Kirumi. Kati ya vitu vilivyotoka humo kulikuwa na vigae vya chungu kikubwa chenye nyoka, na tumboni mwake watu saba waliochomoza kutoka kwenye ukuta wa udongo. Kimekadiriwa kuwa cha miaka ya 120 hadi 140 B.K., wakati mji huo ukiitwa Mogontiacum na ukiwa makao makuu ya jimbo la Kirumi la Germania ya Juu. Hadi leo ni miongoni mwa vyombo vichache vinavyoonyesha waumini wenyewe wakifanya ibada. Sanamu nyingi za Mithras humwonyesha mungu tu.

Mwongozo huu ni wa kufinyanga chungu cha jamii hiyo. Hatufuati kile cha Mainz milimita kwa milimita. Tunatengeneza chungu cha kimo cha sm 25 kikishachomwa, chenye nyoka wawili, watu saba na ngozi nyekundu inayong'aa. Ukishajua kufinyanga chungu cha kawaida kwa gurudumu au kwa kamba za udongo, hiki utakiweza. Kigumu hapa ni kubandika vitu vingi, vya unene tofauti, juu ya mwili mmoja, na karibu kila balaa utakalokutana nalo litatokana na hilo: vipande viwili vyenye unyevu tofauti vimelazimishwa kuwa kitu kimoja. Ukiuchunga unyevu umemaliza nusu ya kazi.

Elewa kwanza chungu hiki kilikuwa na kazi gani

Chungu hiki ni krateri, ambayo kwa Wagiriki na Warumi ni chombo cha kuchanganyia divai na maji kabla ya kuwagawia walaji. Mdomo wake ni mpana ili upawa uingie bila kugonga pande. Ukikibana mdomo kwa ajili ya urembo umeshatengeneza mtungi, na mtungi ni chombo kingine.

Waumini wa Mithras walikuwa wanaume, wakikutana kwa makundi madogo katika chumba kilichofanywa kama pango, chenye baraza ndefu za kujinyoosha pande mbili na ujia katikati. Walikula pamoja. Katika sanamu za mawe za mikoa ya mto Rhine, chini ya fahali anayechinjwa na Mithras, mara nyingi wamechongwa simba, krateri na nyoka pamoja. Naye Porphyrius, mwanafalsafa wa karne ya 3, ameandika kwamba kwa Mithras krateri huwekwa mahali pa chemchemi. Sentensi hiyo ikae akilini, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini nyoka anaelekeza kichwa ndani ya chungu: amekuja kwenye maji.

Tahadhari moja. Nyoka peke yake hathibitishi kwamba chungu ni cha Mithras. Warumi walichora nyoka hata kwenye madhabahu za nyumbani, na vyungu vya nyoka vimepatikana mahali ambapo hapana dalili yoyote ya Mithras. Kinachothibitisha ni picha zilizomo na mahali chungu kilipofukuliwa. Kwa hiyo ukiamua kuacha watu saba na kubakiza nyoka tu, usikiite cha Mithras.

Vifaa

Udongo mwekundu wa mfinyanzi, kg 7 ukiwa umekandwa tayari. Kati ya hizo, kg 4 ni za mwili, g 700 za mguu, g 500 za nyoka wawili, g 300 za watu, na zinazobaki ni za majaribio na uji wa udongo. Ongeza vigae vilivyosagwa na kuchekechwa visizidi nusu milimita, g 80 kwa kila kilo ya udongo mbichi. Vigae vimeshachomwa, hivyo havinywei tena. Hupunguza kunywea kwa udongo wote na kuacha vinjia vya unyevu kutokea. Vikizidi g 150 kwa kilo, mwili utakuwa wa chengachenga na uso wa watu utapoteza pua na macho.

Utahitaji pia chekeche laini (matundu ya mm 0.2), mizani inayosoma gramu, sponji, kisu chembamba, uma wa kukwaruzia, mifuko ya plastiki, na koni ya hina kama zile za wapambaji wa maharusi. Hakuna kifaa cha dukani kinachoishinda koni ya hina kwa kazi ya kuchora kwa uji wa udongo.

Pima udongo kabla ya kuuamini

Tandaza kipande cha udongo chenye unene wa mm 8, chora mstari wa mm 100 juu yake, kikaushe, kichome, kisha pima tena. Ukipata mm 89, udongo wako umenywea kwa asilimia 11, na hesabu zote zilizomo humu zimefuata kiwango hicho. Chungu cha sm 25 kilichochomwa kinatakiwa kuwa na sm 28 kikiwa kibichi. Udongo wako ukinywea zaidi ya asilimia 13, ongeza vigae na upime upya, usijipe moyo.

Kipimo cha pili ni chokaa. Dondosha siki juu ya udongo mkavu. Ukitoa mapovu una chokaa. Chembe za chokaa zikichomwa hugeuka kuwa chokaa hai, kisha hunyonya unyevu wa hewani, huvimba, na kumomonyoa uso wa chungu wiki mbili au tatu baada ya wewe kusherehekea. Kwenye chungu cha kawaida ni doa tu. Hapa inaweza kuondoka na kichwa cha mtu. Udongo wenye chembe zinazoonekana kwa macho uache kabisa.

Mwili

Vyungu vya Rhine vilifinyangwa kwa gurudumu. Anza na kg 4, vuta ukuta hadi kimo cha sm 23, unene wa mm 8, ukiacha ukingo wa mdomo uwe mm 10 kwa sababu utabeba vichwa vya nyoka. Mdomo uwe na upana wa sm 28, tumbo sm 26. Kama kilo 4 kwa mkupuo mmoja zinakushinda, gawa mara mbili: finyanga bakuli la chini, subiri ukingo wake ukaze kidogo, kisha zungushia kamba nene ya udongo na uendelee kuvuta. Kwa asiye na gurudumu, kamba za udongo za unene wa kidole gumba zinatosha, ila kila kiungo kikandamizwe ndani na nje, la sivyo ufa utafuata mzunguko wa kamba.

Ukanda wa picha, sm 12 za katikati, uwe karibu wima. Hapa wengi huharibu. Tumbo likiviringa sana, kipande bapa kinachobandikwa juu yake hugusa katikati tu na kingo zake hubaki hewani.

Funika kwa plastiki kwa usiku mmoja hadi kiwe nusu-kavu. Nusu-kavu kwa maana yetu ni hivi: ukibonyeza kwa kidole hakiachi shimo, ukikwaruza kwa ukucha unapata mstari safi usio na vumbi, na ukikigusisha shavuni unahisi baridi kali. Vumbi likitoka kwenye mstari umechelewa.

Mguu, wa kimo cha sm 5, ufinyangwe siku ileile na ukaushwe chini ya plastiki ileile. Uunge kwa kukwaruza pande zote mbili, kupaka uji mzito wa udongo huohuo, kukandamiza na kuzungusha kidogo hadi usikie umenata. Juu ya kiungo pitisha kamba nyembamba ya udongo na uilainishe.

Nyoka kwanza, watu baadaye

Kishawishi ni kuanza na watu, maana mikono ya chungu, yaani nyoka, ikishakaa itakuzuia kufika tumboni. Kishinde. Nyoka ndio kipande kinene kuliko vyote na kinavuta kwa nguvu kinaponywea, kwa hiyo kinahitaji mwili ulio bado na unyevu mwingi. Watu ni vipande vyembamba vinavyostahimili kusubiri nusu siku.

Viringisha kila nyoka kutoka g 250: urefu sm 45, unene sm 2 karibu na kichwa, ukipungua hadi mm 8 mkiani. Mwache apumzike chini ya plastiki saa moja kabla ya kumkunja. Akikunjwa mbichi atalala kama kambale, akicheleweshwa atapasuka mgongoni.

Mkia huanzia chini ya tumbo, mwili unapanda ukutani kwa mkunjo mmoja au miwili, halafu kwenye bega anauacha ukuta, anapinda nje na kuwa mkono wa chungu, kisha kichwa kinashuka na kulala juu ya ukingo, macho yakitazama ndani. Kwaruza na upake uji kila mahali anapogusa ukuta. Chini ya mkono unaoning'inia weka kipande cha sponji hadi ujisimamie. Magamba yafanye kwa ncha ya ubua uliokatwa mshazari, safu tatu za vijinusu-mwezi mgongoni tu. Ukijaza hadi tumboni utadhoofisha viungo.

Ufa maarufu hutokea nyuma ya shingo, pale nyoka anapoiacha bega au anapoushika mdomo. Sababu ni kwamba mkono umezungukwa na hewa pande zote, hukauka siku mbili kabla ya ukuta, unafupika na kujing'oa. Dawa ni kumfunga nyoka tu kwa vipande vya plastiki huku mwili ukiwa wazi, hadi unyevu wa vyote viwili ukaribiane.

Vipo vyungu vya nyoka vya Kirumi vyenye mrija uliofichwa, ambavyo kinywaji kilipita ndani ya mwili wa nyoka. Ukitaka kuujaribu mtindo huo, viringisha udongo kuzunguka mrija wa plastiki wa kunywea soda wenye upana wa mm 6 uliopakwa mafuta, na uuvute nje nyoka akishakunjwa lakini kabla hajakaza. Toboa ukuta karibu na sakafu ya chungu, unganisha tundu na mkia, na kichwa kikomee sm 1.5 chini ya ukingo badala ya kulala juu yake. Chungu kikijazwa hadi sm 3 kutoka ukingoni kisha kikainamishwa upande wa nyoka, maji hutoka kinywani mwake kabla hayajamwagika mdomoni mwa chungu. Pitisha maji kwa bomba la sindano chungu kikiwa bado nusu-kavu ili kuhakikisha njia haijaziba. Baada ya kuchoma hakuna cha kufanya.

Watu saba

Ramani kwanza. Mzunguko wa tumbo la sm 26 ni karibu sm 82. Kila nyoka anachukua sm 7, zinabaki sm 68, yaani sm 34 kila upande. Upande mmoja una watu watatu, mwingine wanne. Kwa wale wanne kila mmoja ana sm 8.5, hivyo mikono na fimbo zisipanuke zaidi ya sm 8. Kata karatasi za umbo la kila mtu, zibandike kwa maji, zunguka chungu, rekebisha, ndipo uguse udongo.

Upande wa watatu: mwanamume ameketi, amevaa kofia ya Kifrijia (laini, yenye kilele kilichoinama mbele) kama ya Mithras mwenyewe, amevuta upinde. Huyu ni Baba, daraja la juu kabisa la waumini. Mshale wake unamwelekea mtu mdogo kuliko wengine, aliye uchi. Huyo ni mwari, tumwite hivyo maana Kiswahili kina neno lake. Wa tatu amevaa nguo na anaonyesha ishara ya mkono kama anayesema. Ni somo wake. Tendo hili linaigiza kisa kinachoonekana kwenye sanamu za Mithras: mungu anapiga mwamba kwa mshale na maji yanabubujika. Unganisha na maneno ya Porphyrius. Mshale unatoa chemchemi, na chombo chenyewe kilichobeba picha ndicho kinachosimama mahali pa chemchemi. Wasomaji waliowahi kusikia habari za vinyago vya udongo vya unyago na jando, vya Wazigua na Washambaa kwa mfano, hawatashangaa kuona mafunzo ya siri yakikabidhiwa kwa udongo.

Kwa mfinyanzi, maana yake ni hii: pengo kati ya ncha ya mshale na mwari ndilo kitovu cha upande huo. Liache sm 2 tupu. Usijaze kwa jani wala nyota.

Upande wa pili ni msafara. Askari, aliyevaa deraya. Mkimbiza-jua, mwenye taji la miale na mjeledi. Pamoja nao wawili wenye fimbo, mmoja ameinua yake na mwingine ameishusha, kama Cautes na Cautopates, wale wabeba mienge wa Mithras ambao mmoja huelekeza mwenge juu na mwingine chini. Fimbo hizi zisichanganywe: zote zikielekea juu, wazo zima limepotea.

Madaraja ya dini hii yalikuwa saba: Kunguru, Bwana harusi, Askari, Simba, Mwajemi, Mkimbiza-jua na Baba. Yamepangwa kwa alama zake kwenye sakafu ya vijiwe ya hekalu la Mithras liitwalo la Felicissimus, huko Ostia, bandari ya Roma. Watu saba, madaraja saba. Ni rahisi kukimbilia kumgawia kila mmoja daraja lake na kumchonga Kunguru mwenye mdomo wa ndege. Usifanye hivyo. Picha ya Mainz haimwonyeshi kila mtu na alama ya daraja.

Kuna njia mbili za kuwatengeneza, zote za Kirumi, na hapa tunachanganya. Miili hutoka kwenye kalibu, vitu vyembamba huchorwa kwa uji.

Kalibu itengenezwe kwa udongo na ichomwe kwa nyuzi 900. Hesabu yake huwapiga chenga hata mafundi, kwa sababu inanywea mara mbili: kalibu yenyewe, kisha mtu anayetoka ndani yake. Ukitaka mtu wa sm 9 mwishoni, awe sm 10.1 akiwa mbichi, na sanamu ya kwanza unayoichonga ili kukandamizia kalibu iwe sm 11.4. Kalibu ya plasta ni nyepesi kutengeneza, lakini chembe zake zikiingia kwenye udongo zitamomonyoka baadaye kama chokaa.

Kandamiza udongo kwenye kalibu, unene wa mm 5, pitisha kisu kusawazisha mgongo, subiri dakika 10 hadi 15 hadi kingo zijitenge. Mtoe kwa kumgusa mgongoni na donge la udongo bichi. Kwaruza mgongo wake na mahali pake ukutani, paka uji, kisha kandamiza kutoka kifuani kwenda pembeni ili hewa ikimbie, mkono wa pili ukiwa ndani ya chungu kuzuia ukuta usibonyee. Udongo uliobinuka kingoni usiufute mara moja. Usubiri saa moja uukate kwa kisu.

Kuchora kwa uji wa udongo

Upinde, mshale, fimbo, mjeledi, miale ya taji na mikunjo ya nguo huchorwa kwa koni. Chekecha udongo mkavu uleule wa mwili, kg 1 kwa maji ml 450, ukorogwe na kuachwa usiku kucha. Ongeza maji kijiko kimoja kimoja hadi tone lililodondoshwa juu ya kigae libaki limesimama mm 3 bila kutambaa. Uji ukiwa mwepesi lakini hutaki kungoja, kijiko kidogo cha siki kwa nusu lita huufanya ujikaze.

Kata ncha ya koni mm 2. Chora mstari kwa mwendo mmoja, ncha ikiwa juu ya ukuta bila kuukwaruza. Miale ya Mkimbiza-jua ianzie nje kuja kichwani, hapo itakuwa minene upande wa nje na myembamba kwenye paji.

Mstari ukibanduka kama ganda siku ya pili, mwili ulikuwa mkavu mno. Uji una maji mengi kuliko ukuta, hivyo unanywea zaidi, na ukuta mkavu hauwezi kuufuata. Upanguse mwili kwa sponji yenye unyevu, funika saa mbili, changanya kijiko kimoja cha vigae vilivyosagwa kama unga kwa kila vijiko tisa vya uji, urudie. Mstari ukitambaa na kushuka, tatizo ni kinyume chake: mwili ni mbichi bado. Kitu kinene zaidi ya mm 4 kichorwe kwa tabaka mbili, la pili baada ya la kwanza kupoteza mng'ao wa maji.

Ngozi nyekundu

Mng'ao wa vyombo vyekundu vya Kirumi ni uji mwembamba wa chembe laini kabisa za udongo. Usiutafute kwenye rangi wala glezi (mpako wa kioo). Koroga kg 1 ya udongo mwekundu mkavu, lita 2.8 za maji ya mvua na g 5 za soda ya kufulia. Magadi yanaweza kufaa, ila usafi wake hubadilika toka gunia hadi gunia, kwa hiyo jaribu kidogo kwanza. Acha bila kugusa saa 20 hadi 24. Utapata matabaka matatu. Vuta la katikati kwa mpira, acha maji ya juu na mchanga wa chini. Ml 100 za tabaka hilo zinatakiwa kuwa na uzito wa g 115. Zikizidi g 120 ngozi itapasuka kama tope la ziwa lililokauka.

Paka mara tatu, nyembamba, kwa brashi laini, chungu kikiwa kimekaribia kukauka. Kabla ya mkono wa tatu kukauka kabisa, sugua kwa kitambaa laini au mfuko wa plastiki uliovalishwa kidoleni. Usisugue juu ya mistari ya koni. Usiiguse tu, uji wenyewe utang'aa kiasi.

Kabla ya kuweka brashi chini, geuza chungu na uchonge chini ya mguu neno NAKALA, mwaka na alama yako, kina cha mm 1.5. Vigae vya vyungu vya namna hii vinauzwa na kununuliwa, na chungu chako kikivunjika baada ya miaka 40 lazima kigae cha mguu kijieleze chenyewe. Kwa sababu hiyohiyo usikipake majivu wala chai ili kukizeesha.

Kukausha na kuchoma

Siku 10 hadi 14, kivulini, juu ya waya au vijiti ili hewa ipite chini ya mguu. Pima uzito kila asubuhi. Usipobadilika siku mbili mfululizo, kimekauka. Jicho hudanganya, mizani haidanganyi.

Jokoni: panda taratibu hadi nyuzi 90 za Selsiasi na ukae hapo saa 4, tundu la kuchungulia likiwa wazi. Maji yaliyobaki ndani ya kichwa cha nyoka yakifika nyuzi 100 kwa haraka yatageuka mvuke na kichwa kitaruka. Hapo ndipo vyungu vingi vya aina hii hufia. Kutoka 90 hadi 600 panda nyuzi 80 kwa saa, maana karibu na 573 chembe za kwazi, zile ngumu za mchanga ulio udongoni, hupanuka kwa ghafla. Kutoka 600 hadi 950, nyuzi 120 kwa saa. Kaa dakika 20, zima, na usifungue hadi chini ya 100. Jumla ni kama saa 15 na nusu za moto, ukiacha kupoa. Ukivuka nyuzi 1000 mng'ao huanza kufifia.

Kwa joko la kuni, hewa iwe nyingi mwishoni. Moshi ukibanwa, wekundu hugeuka hudhurungi au mweusi kwa mabaka. Moto wa wazi wa kijijini, unaofika 700 hadi 850, nao unafaa, lakini ongeza vigae hadi g 150 kwa kilo, kitangulize chungu kando ya moto saa tatu kikigeuzwa, na usitegemee mng'ao kamili.

Chungu kikitoka, kijaze maji na ukiache juu ya gazeti usiku mmoja. Kitatoa jasho, ni kawaida kwa udongo wa moto huu. Kama kitatumika kuonyesha maji, kipashe moto hadi nyuzi 90, yeyusha nta ya nyuki ndani, zungusha, mwaga inayobaki. Usikitumie kwa divai wala chakula cha tindikali. Glezi yenye risasi, ambayo Warumi wenyewe waliijua, isikaribie chombo chochote cha kinywa.

Chetezo cha kuandamana nacho

Chungu chenye picha hakikukaa peke yake. Huko Tienen, Ubelgiji, mashimo yaliyochimbwa karibu na hekalu la Mithras katika karne ya 3 yalijaa masalia ya karamu moja kubwa: vyungu vya kupikia, vifuniko, vyetezo, na mifupa ya kuku wengi, majogoo hasa. Karibu vyombo vyote hivyo ni vya kawaida, visivyo na picha. Anayepanga meza ya maonyesho kwa krateri pekee anapotosha uwiano.

Chetezo cha Kirumi ni kikombe chenye mguu na mikanda ya udongo iliyobonyezwa kwa vidole ikawa kama kingo za sambusa. Tumia g 400: kikombe cha kimo cha sm 11, upana wa mdomo sm 12, unene mm 6. Zungusha kamba mbili za mm 8, moja ukingoni na moja penye kona ya tumbo, ukizibonyeza kila sm 1.5 kidole kwa kidole. Hakihitaji ngozi nyekundu. Kabla ya kuweka makaa, mimina mchanga mkavu sm 2 ndani yake, la sivyo sakafu itapasuka siku ya kwanza tu ya kufukizia.